Mkenya asiyekimbia: kuishi Japani na mwili wasioutarajia

Ukijitambulisha Japani kwamba umetoka Kenya, swali linalofuata unalijua: unakimbia? Ukisema Tanzania utaulizwa hivyo hivyo, maana kwa wengi ni kule kule. Swali lina chanzo chake. Douglas Wakiihuri alilelewa kimichezo huko huko Japani, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Juma Ikangaa wetu wa Tanzania alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986. Na kila tarehe 2 na 3 Januari nchi nzima hukaa mbele ya televisheni kutazama mbio za kupokezana za vyuo vikuu, Hakone, ambako Wakenya si wageni. Basi picha iliyomo vichwani ni ya mtu mkavu kama ufito. Wewe ukitokea na kilo 88, mwenyeji anababaika, halafu anatafuta la kusema.

Usijitetee, wala usianze somo la jiografia kwamba pwani hakuna milima. Sema "Hashirimasen, miru dake desu", yaani sikimbii, mimi mtazamaji tu. Watacheka, mtaendelea na chakula.

Neno linalouma zaidi ni "futotta?", umenenepa? Linasemwa na watu waliokuzoea, tena usoni. Hapo sisi hatuna cha kulalamika sana, kwani nyumbani nako mtu hafiki mlangoni kabla ya kuambiwa mwili wake umekuwaje. Kilichogeuka ni thamani ya neno. Kwetu "umenenepa" huweza kuwa sifa na "umekonda" ikawa pole, kule "yaseta?", umepungua?, ndiyo pongezi. Ukiijibu kwa kueleza kwamba huumwi, utamshangaza mtu aliyekusifu. Ukitaka mazungumzo yaishe, tumia sentensi isiyokamilika: "Karada no hanashi wa, chotto..." Mambo ya mwili, kidogo... Unaiacha hapo hapo. Mjapani anaelewa kuwa umekataa, na hakuna aliyeaibika.

Penye kazi hasa ni kwenye upimaji wa afya. Tangu Aprili 2008, watu wa miaka 40 hadi 74 wanapimwa kiuno, na mstari umechorwa sentimita 85 kwa wanaume na 90 kwa wanawake. Neno "metabo", kifupi cha "metabolic syndrome", nalo limeenea mitaani kama utani wa vitambi. Wageni huambizana kwamba ukipita hapo unatozwa faini. Si kweli: mwenye kitambi hatozwi chochote, bali mifuko ya bima ndiyo inayobanwa iwashauri wanachama wake. Na kiuno peke yake si ugonjwa. Ili waseme una metabo lazima yaongezeke mawili kati ya matatu: mafuta ya damu yaliyoharibika, shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85 (hata namba moja tu ikifika), au sukari ya kufunga kuanzia 110.

Namna ya kupima nayo huleta mkanganyiko. Kule mkanda unapita kitovuni, umesimama, mikono imening'inia, na namba inasomwa pumzi ikishatoka. Kuvuta tumbo ndani ni kazi bure, muuguzi atasubiri tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapima katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya nyonga, kwa hiyo usilinganishe karatasi ya Osaka na ya kliniki ya Dar ukadhani umenenepa ndani ya ndege. Uzito nao vivyo hivyo. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 75 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa karibu 26. Kwa kipimo cha kimataifa huo ni uzito uliozidi, na unene wa kupindukia huanzia 30, yaani karibu kilo 87 kwa urefu huo. Japani unene unaanzia 25. Mwili ule ule, karatasi mbili, maneno mawili. Chai ya maziwa na sukari asubuhi ya kipimo ndiyo hutuponza wengi: sukari na mafuta vyote vinapanda. Funga kwa muda wa saa kumi kabla ya kipimo, kunywa maji matupu.

Ukifuata ushauri ukapungua kilo sita, subiri simu ya video. "Mwanangu, huko huli?" Usimcheke mama. Kizazi chake kiliona UKIMWI ukiitwa "Slim" Uganda miaka ya 1980, na kukonda kulikuwa habari ya msiba. Mpe namba badala ya ubishi: shinikizo 118 kwa 76, sukari 92, daktari ameridhika. Namba humtuliza kuliko "niko sawa, mama". Shangazi atasema tu, huyo mwache.

Nguo zimebaki. L ya Japani iko karibu na M ya Ulaya, na suruali za kike hukatwa kwa nyonga nyembamba. Mwenye nyonga za kwetu akinunua kwa kipimo cha kiuno, haipiti mapajani. Akinunua kwa nyonga, kiuno kinapwaya nyuma. Nunua kwa nyonga, kisha fundi apunguze kiuno kwenye mshono wa katikati nyuma. Ikizidi sentimita sita hivi mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana, bora atoe kidogo na pembeni. Ukiagiza gauni la kitenge kutoka nyumbani, andika kama ni inchi au sentimita. Fundi wetu anafikiri kwa inchi, na 38 yako ya kifua isiyo na kipimo mbele yake haina shida, ila 96 itamfanya apige simu usiku wa manane wa Tokyo.