Nilivyojifunza kupiga huzuni ya Chopin

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, niliyelelewa na nota za do-re-mi. Katika kwaya, maneno ndiyo hukwambia kwamba huu ni wimbo wa msiba na ule ni wa shangwe. Frédéric Chopin, mtunzi wa muziki wa piano kutoka Poland, hakukupa neno hata moja. Preludi zake 24, yaani vipande vya piano peke yake, zilizochapishwa mwaka 1839, nyingi ni fupi mno, na kila moja ina hali yake ya moyo. Nilitaka kuzipiga hivyo, kila moja na moyo wake.

Nilianza na namba 4, ambayo ilipigwa kwenye mazishi yake mwenyewe, Paris, mwaka 1849. Mkono wa kulia karibu hausogei. Kwa nota zetu ni mi-fa-mi, mi-fa-mi, kama mfiwa anayerudia jina la marehemu. Kinachouma kiko kushoto: sauti tatu zinagongwa pamoja tena na tena, kisha moja inashuka nusu hatua, halafu nyingine, na ardhi inazidi kudidimia chini ya ile mi isiyobadilika. Basi nikaupumzisha mkono wa kulia, nikapiga kushoto peke yake huku sauti ya juu nikiiimba kwa mdomo. Pumzi ndiyo iliyonifundisha pa kuvuta na pa kuachia. Pia niliona lazima nianze kwa upole sana, maana baada ya katikati wimbo unalipuka ghafla, na aliyeanza kwa nguvu hana cha kuongeza hapo.

Namba 15 ilinichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watu huiita ya matone ya mvua, ingawa jina hilo si la Chopin. Preludi hizi alizikamilisha kisiwani Mallorca, majira ya baridi ya 1838 hadi 1839, akiwa mgonjwa, akiishi na mwandishi George Sand na watoto wake katika monasteri ya zamani ya Valldemossa. Sauti moja inagonga karibu mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni ni so, tulivu kabisa. Katikati kidole kinabonyeza palepale, lakini sasa imekuwa mi kwa kuwa do imehama, na besi nzito inapanda kutoka chini hadi inatisha. Niliifanyia mazoezi sauti hiyo peke yake, nikiihamisha kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia bila mguso wake kubadilika. Hofu nikaiachia besi iilete.

Namba 7, yenye mwendo wa mazurka, dansi ya kwao Poland, ilikuja upesi. Sasa niko kwenye namba 20. Kusoma nota zake si kazi. Kazi ni kushuka kutoka nguvu zote hadi upole, kisha kurudia yaleyale kwa upole zaidi, na kila sauti bado isikike.