Fyuzi nyekundu ya taa za nyuma

Usiku, barabara ya Karuma hadi Arua, huku Uganda, si ya kupita bila taa za nyuma. Malori ya Sudan Kusini na Kongo yanakuja kwa kasi, mabasi ya usiku nayo yana haraka zao, na dereva aliye nyuma yako hakuoni ila kwa zile taa mbili ndogo. Ndiyo maana fyuzi ya taa hizo kwenye gari langu ilipoanza kuungua, nikaweka mpya nayo ikaungua, nilipata hofu ya kweli, hata kama fyuzi yenyewe bei yake ni ndogo.

Dalili zilikuwa wazi. Taa za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi vilizimika kwa pamoja; taa kubwa za mbele na za breki zikabaki zinawaka. Vile vilivyozimika, kwenye gari langu, vinalindwa na fyuzi moja nyekundu ya ampea 10. Nikapiga hesabu. Balbu hizo ndogo ni za wati 5 hivi kila moja, na hata ukijumlisha zote pamoja na za dashibodi hufiki wati 40. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea tatu na kitu. Mzigo huo hauwezi kuishinda fyuzi ya 10. Basi kuna waya umechunika mahali, unagusa bodi na kupiga shoti.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hapa Arua alikuwa na jibu tayari: "Mama, tuweke hii ya kijani, ya 30. Haitakusumbua tena." Nilikataa. Fyuzi hupimwa kulingana na waya inaoulinda. Ukiweka ya 30 kwenye waya mwembamba, shoti ikipiga, fyuzi itabaki nzima na waya ndio utakaoungua, ndani ya dari au chini ya zulia, na utajua kwa harufu ya moshi. Wanaozungushia fyuzi iliyoungua ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara wanafanya jambo hilohilo, tena baya zaidi.

Lakini simlaumu sana kijana yule, na hili nimelifikiria wiki nzima. Sisi wateja tumezoea kulipia spea. Tunauliza: umebadilisha nini? Fundi akishinda nusu siku anafuatilia waya kwa vidole halafu akuonyeshe kipande cha sentimita mbili, tunaona hajafanya kazi. Atafuteje chanzo wakati kutafuta hakumlipi?

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayefanya umeme wa magari chini ya mwembe. Mzee hakugusa gari kwanza. Aliniuliza, "Inaungua wakati gani, mwanangu? Ukiwasha tu, au ukiwa njiani?" Nikamwambia: nikiwasha haiungui. Huungua kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, au baada ya kufungua buti kupakia madumu ya asali. Akatikisa kichwa kuitikia, kama aliyeshaona.

Alichofanya baadaye nakiandika hapa kwa sababu kinafaa kujulikana. Alitoa fyuzi, mahali pake akaunganisha balbu ya breki ya wati 21 kwa nyaya mbili. Balbu ile hairuhusu umeme kufika hata ampea mbili, hivyo hakuna kinachoungua wakati wa kutafuta. Ukiwasha taa za gari, balbu hiyo ikiwaka kwa unyonge, umeme unapita kwenye balbu za gari kama kawaida. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, hapo kuna shoti. Aliniweka niiangalie, naye akawa anatikisa nyaya, sehemu baada ya sehemu, kuanzia dashibodi kurudi nyuma. Unyonge tu. Alipoinua mlango wa buti, balbu ikang'aa ghafla. Nilipiga kelele!

Pale kwenye bawaba, ndani ya raba ya kufunikia nyaya iliyopasuka, waya wa taa ya namba ulikuwa umesagwa na chuma kila mlango ulipofunguliwa. Alikata kipande kibovu, akaweka kingine cha unene uleule, akaunganisha kwa risasi ya kuyeyusha. Maungio aliyaweka mbali na mkunjo, kwa sababu waya ulioungwa kwa risasi ukikunjwakunjwa hukatika. Akauacha na ulegevu kidogo, akaufunika kwa kipande cha mpira.

"Lipa ya waya na tepu tu," akasema. Tulibishana kwa heshima mpaka akakubali malipo ya nusu siku yake nzima. Bado naona nilimlipa kidogo.

Raba ya upande wa pili wa bawaba nayo imeanza kupasuka. Mzee amesema nimpelekee gari kabla mvua hazijakolea aikague. Nitampelekea, na nitamlipa kwa kukagua, hata asipokuta kitu.