Safari ya nje ya nchi baada ya kustaafu: tulivyoipanga

Mimi na mwenzangu tuliipanga safari yetu kwa kanuni moja: ratiba inapangwa na mwili wa aliye dhaifu zaidi. Kama mmoja anatembea kilomita tatu na mwenzake magoti yanagoma baada ya nusu kilomita, basi mpango wa siku ni wa nusu kilomita. Ndiyo maana tulianzia kwa daktari, tiketi zikafuata baadaye sana.

Bima tuliitafuta kabla ya kulipia chochote, kwa kuwa kampuni nyingi zina ukomo wa umri na nyingine hupandisha bei mteja anapofika miaka 65 au 70. Vipengele vya kusoma kwa makini ni viwili: maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari, na gharama za kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa. Usifiche presha ili ulipe kidogo. Ukipata kiharusi huko, rekodi zako za hospitali zitaombwa, na dai lote linaweza kukataliwa. Kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, bima lazima ifikie angalau euro 30,000.

Viza za Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho kwa kawaida ni siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka eneo la Schengen. Nchi nyingi nje ya eneo hilo hutaka miezi 6. Mstaafu hana barua ya mwajiri, kwa hiyo ushahidi kwamba atarudi nyumbani huujenga kwa taarifa ya pensheni, hati ya nyumba au shamba, na taarifa za benki. Pensheni ikiingia kwenye akaunti ya mmoja tu, mwenzake aambatanishe cheti cha ndoa na barua ya kugharamiwa. Mtego mwingine ni majina: mke akitumia jina la mume mitaani na la baba yake kwenye pasipoti, tiketi ifuate pasipoti.

Kwenye dawa hatukubana matumizi. Tulichukua za safari nzima na akiba ya wiki moja, zote kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake. Insulini haiwekwi kwenye begi la chini ya ndege, maana huko inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika. Barua ya daktari itaje jina halisi la dawa, kwa sababu jina la biashara hubadilika toka nchi hadi nchi. Anayetumia insulini aombe pia ratiba ya maandishi: ukiruka kuelekea mashariki siku inafupika, ukielekea magharibi inarefuka, na dozi hufuata. Wapo wanaoacha dawa ya presha inayoongeza mkojo siku ya safari ili wasisumbuke na choo. Mwulize daktari kama muda wa kuimeza unaweza kusogezwa, kisha chukua kiti cha kando ya njia.

Nchi unayokwenda ikidai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, hatari ya madhara makubwa ni kubwa zaidi kuliko kwa kijana, kwa hiyo daktari apime kwanza kama achanjwe au apewe barua ya msamaha.

Kiti cha magurudumu uwanjani kiombwe saa 48 kabla. Kuna daraja tatu, kwa alama za mashirika ya ndege: WCHR ni kwa anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, na WCHC hubebwa hadi kwenye kiti chake. Wengi wetu tunaona haya kukiomba, wakati mageti ya viwanja vikubwa yako mbalimbali mno. Kwenye kuunganisha ndege tulitaka saa tatu au zaidi, tiketi zote zikiwa za uhifadhi mmoja, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, hasara ni yako.

Safari ya ndege ikizidi saa nne, hatari ya damu kuganda miguuni huongezeka. Tuliulizia soksi za kubana zenye mkandamizo wa milimita 15 hadi 30 za zebaki, zinazoishia chini ya goti. Mwenye matatizo ya mishipa asizivae bila ushauri. Simama mara kwa mara, chezesha nyayo, kunywa maji.

Siku ya kufika haikupangiwa kitu. Siku zilizofuata zilipewa jambo moja, asubuhi, na mchana ukaachwa wazi. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya pale, chagua ya pale: kiwango cha kubadilishia cha mwenye mashine kwa kawaida ni kibaya zaidi.