Dar mpaka Tukuyu na mama, ratiba ilipangwa na mvua

Mwisho wa Machi nilikuwa nampeleka mama nyumbani Tukuyu, na kwa ujuaji wangu nikapanga kabisa, tunatoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, usiku tunakula kwa shangazi. Mama akaniangalia tu akasema "haya baba". Hapo nilitakiwa nielewe.

Chalinze tu mvua ikatupokea, ile waipa zinapiga spidi ya mwisho na bado huoni kitu, tukatambaa hivyo mpaka Morogoro. Kuingia Mikumi jua linawaka, lami kavu kabisa, nikasema sasa nafidia muda, lakini pale mbugani ni kilomita 50 za kwenda taratibu upende usipende, maana ukigonga mnyama utalipa faini mpaka usahau ulikokuwa unaenda. Ruaha Mbuyuni ndo usiseme, joto balaa, tukanunua vitunguu, nikachungulia simu hali ya hewa ya Iringa ikaniambia mawingu kiasi. Poa.

Sasa pale kulikuwa na dereva wa lori, mtu mzima, kamwamkia mama vizuri halafu akanigeukia, "Dogo, simu yako inaijua Iringa mjini, mlima Kitonga haiujui. We angalia yanayoshuka." Nikaangalia. Kweli bwana, malori yanayotoka juu maturubai yanachuruzika maji, taa zinawaka mchana kweupe, matope mpaka kwenye vioo vya pembeni, na sisi huku tumesimama tunapepea na gazeti. Miaka yote naendesha sijawahi kufikiria kitu rahisi hivyo.

Akatuambia tungoje. Nilingoja kama nusu saa hivi, kiburi kikanipanda nikaondoka.

Kitonga nilijuta. Mvua ilikuwa imepungua ila ukungu umeshuka mpaka barabarani, kona zile, mbele yangu lori linapanda mwendo wa konokono, nyuma basi linanipigia honi, na kioo changu kikaanza kuganda mvuke kwa ndani. Nikawa nafuta kwa mkono, kosa kubwa, ndo kinazidi kuwa na michirizi. Nikawasha taa ful, mbele kukawa cheupe pee, ukungu unakurudishia mwanga wako wote machoni. Mama akaanza kusali kwa Kinyakyusa na sauti inapanda kila kona. Mwisho nikatulia, taa nikashusha, AC nikaiwasha ipulize kwenye kioo ingawa tulikuwa tunatetemeka, kioo kikasafika ndani ya dakika chache. Lile lori sikujaribu kulipita hata mara moja, basi lipige honi mpaka lichoke.

Ilula nikapaki. Ilikuwa saa kumi jioni na mwanga bado upo, lakini nikamwambia mama tunalala hapa. Hakubisha, akaenda kuulizia bei ya nyanya.

Kesho yake tuliondoka saa kumi na mbili, maana huko juu mchana ndo mawingu yanajikusanya, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa kusoma magari yanayokuja. Mafinga yanakuja na taa, napunguza mwendo, kweli ukungu kwenye misitu ya misonobari. Makambako baridi na upepo. Kushuka Igawa magari makavu yana vumbi, nafungua vioo, joto la Usangu, mama anavua sweta alilovaa asubuhi. Watu wa Dar tumezoea vuli na masika, tunadhani mvua inakuja inaondoka, kumbe huku inaanza Novemba hiyohiyo moja inaenda mpaka Aprili au Mei, ila njiani inachagua pa kunyesha.

Isyonje waipa zikarudi kazini, hatukusimama hata kwa viazi. Tumefika Tukuyu saa tisa mchana mvua inamwagika, mama akashuka na mwavuli ukiwa umefungwa vilevile mkononi, akasema, "Hii ndo ya nyumbani sasa."