New Hampshire: soma namba iliyo juu ya majina

New Hampshire, jimbo la Marekani, inajulikana duniani kwa mchujo wa urais. Mchujo wa Septemba, ule unaoamua nani atasimama Novemba kugombea bunge la jimbo hilo, hupita kimyakimya, na kwenye wilaya zenye ngome ya chama kimoja huo ndio uchaguzi wenyewe. Anayeusubiri Novemba hukuta mambo yameshaisha.

Baraza la Wawakilishi la jimbo lina viti 400 na Seneti 24. Kwa sensa ya 2020, iliyohesabu watu 1,377,529, mwakilishi mmoja anabeba watu wapatao 3,444. Muhula ni miaka 2 na malipo ni dola 200 kwa muhula mzima, kiwango kilichowekwa kwenye katiba mwaka 1889. Kugombea uwakilishi kunahitaji umri wa miaka 18, ukaazi wa miaka 2 jimboni na kuishi ndani ya wilaya husika. Fomu hujazwa mwanzoni mwa Juni kwa karani wa mji, ada dola 2. Useneta unataka miaka 30 ya umri, ukaazi wa miaka 7, na dola 10.

Ugumu uko kwenye daftari la wapiga kura. Aliyeandikishwa kama Republican au Democratic hawezi kuhama chama tangu fomu zinapoanza kupokewa Juni mpaka mchujo upite. Asiye na chama yuko huru zaidi: kwa utaratibu wa 2024, alichagua karatasi ya kura ya chama kimoja pale kituoni, akaandikwa mwanachama, na kabla ya kutoka akaweza kujaza fomu kwa wasimamizi wa daftari ili arudi kuwa asiye na chama. Anayesahau fomu hiyo anabaki mwanachama, na mchujo unaofuata anakuta hana tena uhuru wa kuchagua karatasi. Kujiandikisha siku ileile ya kura kunaruhusiwa, lakini sheria iliyoanza kutumika baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 inadai hati ya uraia: cheti cha kuzaliwa, pasipoti au cheti cha uraia wa kuandikishwa. Kiapo hakitoshi tena. Kwenye chaguzi za miji za Machi 2025 wapo waliorudishwa nyumbani, wakiwemo wanawake ambao jina la ndoa halikulingana na cheti cha kuzaliwa. Mwenye hali hiyo abebe na cheti cha ndoa.

Sasa karatasi yenyewe. Wilaya nyingi zina zaidi ya kiti kimoja. Mji wa Derry huchagua wawakilishi 10 kwa mpigo. Zaidi ya hapo, zipo wilaya za nyongeza zinazolalia juu ya nyingine. Mji wa watu 5,000 unastahili kiti kimoja, na wale 1,556 wanaobaki huunganishwa na mabaki ya miji jirani ili wachague mwakilishi wa pamoja. Ndiyo maana mtu hukuta uwakilishi umeandikwa mara mbili kwenye karatasi moja. Si kosa la uchapaji. Ajaze zote mbili.

Juu ya majina pameandikwa idadi ya juu unayoweza kuchagua. Ukiambiwa 4, kuchagua wawili ni halali, wala huwezi kumpa mtu mmoja kura mbili. Kwenye mchujo wenye wagombea 6 wa nafasi 4, anayempenda mmoja kupita wote ana sababu ya kumchagua huyo peke yake, maana kila jina analoongeza ni mshindani wa kipenzi chake. Ila ukichagua 5, kura zako zote za nafasi hiyo zinafutwa.

Mji wa Windham, 2020, ulionyesha uzito wa kanuni hiyo. Kristi St. Laurent wa Democratic alishindwa kwa kura 24 kwenye wilaya ya viti 4, akaomba kura zihesabiwe upya. Hesabu ya mkono ikawapa Republican wote wanne kura zipatazo 300 zaidi kila mmoja, na za kwake zikapungua 99. Ukaguzi wa 2021 ulipata chanzo: kura za posta zilikunjwa kwa mashine, mkunjo ukapita kwenye kiduara cha jina lake, na mashine ya kuhesabia ikausoma kama alama. Aliyechagua Republican wanne akahesabiwa amechagua watano, kura zake zikafutwa. Ukipiga kura ya posta, kunja kwenye mstari uliowekwa tu.

Muda pia unabana. Mchujo wa 2024 ulikuwa Septemba 10, na sheria ya shirikisho inataka kura za wanajeshi na walio ng'ambo ziwe zimetumwa siku 45 kabla ya uchaguzi wa Novemba, yaani Septemba 21. Ndani ya siku 11 malalamiko yasikilizwe, kura zirudiwe kuhesabiwa, karatasi mpya zichapwe. Kwa maoni yangu ni finyu mno. Wagombea wakifungana kwenye mchujo, kura ya bahati hupigwa hadharani. Novemba ni tofauti: wagombea wa Rochester waliofungana 2022 walirudi kwa wapiga kura Februari 2023.