Nilivyochagua aksheni ya .404 Jeffery yangu, na hela niliyopoteza kabla sijajua kupima

Mzee wangu alikuwa bwana nyama kule kusini, upande wa Liwale, na mimi nikiwa mtoto silaha niliyozoea kuiona imeegemezwa ukutani chumbani kwake ni .404 Jeffery ya idara, bunduki ya kaliba kubwa ya wanyama hatari. Mbao yake imepauka kwa jasho la watu wengi, mtutu umeisha rangi, ila bolti, lile komeo la chuma linaloingiza na kutoa risasi, ukiivuta inateleza utadhani imepakwa mafuta ya nazi. Tembo wakiingia mahindi ya watu usiku anafuatwa yeye, mbogo akijeruhiwa na wawindaji akakimbilia kwenye matete anafuatwa yeye, na kila akirudi lazima aisafishe mbele ya mlango akiwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa ananiruhusu kuvuta bolti ikiwa tupu, akiwa kaitazama chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, mara mbili, na neno lake lilikuwa moja tu, "Vuta mpaka mwisho, usiibembeleze."

Sasa mimi niko Texas huu mwaka wa ishirini na kitu, nafanya kazi karakana ya kukereza vyuma, na miaka mitatu iliyopita nikaamua nitengenezewe .404 ya kwangu kwa fundi bunduki mwenye leseni, iwe ya kuja nayo nyumbani siku moja kuwinda mbogo kwa kibali halali (nyumbani kwa wanyama hatari kaliba ya chini ni .375, kwa hiyo .404 haina shida). Nilidhani kazi kubwa itakuwa kuchagua mtutu na mbao nzuri ya mjozi, kumbe kazi yote iko kwenye aksheni.

Kwa ambaye hajawahi kufungua bunduki, aksheni ndio moyo wake, yaani kile chuma cha katikati ambacho mtutu unafungwa mbele yake, pamoja na bolti inayokwenda mbele na nyuma ndani yake na boksi la magazini linalokaa chini. Mtutu unabadilishika, mbao inabadilishika, lakini ukikosea aksheni umekosea bunduki nzima. Hata sheria ya huku inaihesabu risiva yenyewe, kile chuma cha katikati bila bolti wala mtutu, kuwa ndio bunduki, ina namba yake, unainunua kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu na kuchunguzwa rekodi zako kama mtu anayenunua silaha kamili. Na ndugu zangu mlioko Tanzania msije mkasoma hapa mkaagiza chuma kwa posta, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, vitu hivi vinapita polisi kwa vibali au havipiti kabisa.

Haya, kosa langu. Nilinunua haraka. Nilikuta Mauser 98 ya kijeshi, aksheni tupu, muuzaji anasema imeshafunguliwa, yaani imekatwa ndani ili imeze magnamu, zile risasi ndefu zenye nguvu, bei dola 600, nikaona nimeokota dodo. Kwa jina tu Mauser 98 ndio mama wa bunduki zote hizi za bolti, ni ya mwaka 1898, ina ule ukucha mrefu pembeni mwa bolti unaokamata risasi, ina meno mawili mbele ya kufungia na la tatu nyuma la akiba, na ganda likipasuka gesi inatolewa pembeni isimjie mpigaji machoni. Nani asiyeitaka? Nikampelekea fundi, mzee mmoja mtulivu sana anayefanya kazi hii tangu ujana wake, akaigeuza juu chini, akachukua tochi na kile kioo kidogo cha madaktari wa meno, akaniambia njoo utazame mwenyewe.

Magazini ya 98 ya kijeshi ina urefu wa ndani kama milimita 84 hivi, maana ilichongwa kwa ajili ya risasi ya 8x57. Risasi ya .404 nzima ina urefu wa karibu milimita 90. Hizo milimita sita lazima zitoke mahali, na aliyeifungua alizitoa mbele, akakata ule mteremko unaopandishia risasi kwenda chemba mpaka akala chuma kinachobeba jino la chini la bolti. Kilichobaki pale ni kama ukingo wa sahani. Na chuma cha hizi 98 za zamani ni laini ndani, kimekomazwa ngozi ya juu tu, kwa hiyo ukishakata ngozi unakutana na ulaini, na jino la bolti likisukumwa pale kila ukipiga, linazama taratibu, nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda inaongezeka, mpaka siku ganda linakatika ndani. Fundi alisema kwa risasi zenye nguvu hii hataiwekea mtutu, na mimi ninayeshinda na chuma kutwa niliona aibu kwamba sikupima kitu hata kimoja kabla ya kulipa. Ile risiva hadi leo iko kwenye kabati langu, siwezi kumuuzia mtu kitu kama kile.

Kuanzia hapo nikasema nitaanza na risasi, aksheni ifuate risasi. Nikatafuta risasi tano za bandia za .404, zisizo na baruti wala kiwashio, nikakaa mezani na venia, kile kipimo cha urefu na vipenyo. Urefu nimeshautaja. Kitako cha ganda kina kipenyo cha milimita 13.8 hivi, na ukingo wake nao ni hivyohivyo. Uso wa bolti ya 98 ya kawaida umechongwa kwa milimita 12. Bolti iliyotengenezwa kwa .375 H&H ina kama 13.5, kwa hiyo kutoka .375 kwenda .404 ni kukwangua kidogo tu. Ukitaka .416 Rigby ndio habari nyingine kabisa, ile kitako chake ni milimita 15 na urefu unapita 95, inataka aksheni kubwa tangu kuzaliwa.

Cha pili ni upana wa boksi, na hiki watu wengi wanakiruka. Risasi kwenye magazini ya Mauser zinapangwa kwa kupishana, moja kushoto moja kulia, zikikaa pembe ya nyuzi 30, na hesabu yake ni rahisi, unachukua kipenyo cha ganda unazidisha kwa 1.866 unapata upana wa boksi pale nyuma. Kwa .404 inakuja kama milimita 25.7. Boksi likiwa pana zaidi risasi zinalala ovyo na ya juu inapanda imepinda, likiwa jembamba zinabanana hazipandi kabisa. Nilipofanya hii hesabu kwenye karatasi ndio nikaelewa kwa nini ile bunduki ya mzee ilikuwa inateleza vile, kuna mtu alikaa akaipimia risasi yake.

Cha tatu, namna risasi inavyoingia. Hapa sikubali mjadala na mtu kwa bunduki ya mbogo. Kuna aksheni za kusukuma, kama Remington 700 ambayo ilitoka 1962, nzuri, imara, inalenga vizuri sana, lakini bolti inaisukuma tu risasi mbele bila kuikamata, inaikamata mwishoni kabisa bolti inapofungwa. Ukisukuma risasi ikaingia chemba halafu kwa woga ukarudisha bolti nyuma kabla hujaifunga, ile risasi inabaki mle ndani, ukisukuma tena ya pili inaigonga ya kwanza kisogoni, imejamu, na mbogo anakuja. Aksheni za ukucha, risasi ikipanda tu kutoka kwenye magazini ukingo wake unaingia chini ya ukucha, kuanzia hapo bolti imeishika, ukienda mbele inakwenda, ukirudi inarudi. Mzee alinisimulia wakati mmoja kwenye matete alisukuma bolti nusu kwa haraka, akairudisha nyuma, akasukuma tena, na bunduki bado ikafanya kazi. Yuko hai ananisimulia, kwa hiyo mimi nataka ukucha.

Basi nikawa na orodha. Ya kwanza P14, ile Enfield ambayo Waingereza walitengenezewa Marekani wakati wa vita ya kwanza. Hii ina jambo zuri sana, uso wa bolti yake ulichongwa kwa risasi ya .303 ambayo ina ukingo wa karibu milimita 13.7, yaani karibu sawa na .404, na risiva yake ni ndefu na nene. Mafundi wengi wa zamani walizitumia kwa kaliba kubwa. Lakini inabidi ukate yale masikio mawili ya saiti ya nyuma, unyooshe tumbo la chini, urekebishe magazini, ubadilishe ile tabia yake ya kukoki (kutega pini ya kufyatulia) wakati wa kufunga bolti, na uichunguze kwa makini maana kuna zilizopata nyufa wakati wa kufunguliwa mitutu yake ya kwanza iliyokuwa imekazwa kupita kiasi. Ukijumlisha saa za fundi, bei rahisi inaisha palepale. Ningekuwa na mashine za kwangu nyumbani labda ningeshawishika.

Ya pili Winchester Model 70 ya magnamu, zile za ukucha, za kabla ya 1964 au zile za baadaye walipourudisha ukucha. Sina neno baya nayo, sefti yake (kizuizi cha usalama) ya hatua tatu inafunga pini ya kufyatulia yenyewe, na magazini ya zile zilizotengenezwa kwa .375 H&H inaimeza .404. Niliyoipata ilikuwa safi mno, mbao ya asili, kila kitu cha kiwandani, na roho yangu ilikataa kuivunja.

Ya tatu Mauser magnamu mpya, zinazochongwa leo kwa chuma cha kisasa kwa vipimo vya risasi unayoitaka wewe. Hizi ndio zenyewe, nilishika moja kwenye maonyesho nikakaa nayo mkononi mpaka mwenyewe akaniuliza kama niko sawa. Bei ni maelfu ya dola, ya aksheni peke yake, na nina watoto wawili chuo.

Nikaishia kwenye CZ 550 Magnum ya Czech. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, kwa hiyo unatafuta iliyotumika. Kuna kaka yake mkubwa, Brno ZKK 602, chuma kizuri hichohicho, ila sefti yake inakwenda kinyume, kupiga unaivuta nyuma, na mimi mikono yangu imezoea kusukuma mbele, sitaki kufikiria mara mbili mbele ya mnyama. CZ 550 magnamu ni ndefu kiasi kwamba inaimeza hata .416 Rigby, hakuna mtu anayehitaji kukata chuma cha kubeba meno ya bolti, na hilo peke yake lilinitosha. Juu ina njia yake ya kufungia darubini, imechongwa humohumo kwenye risiva, hakuna vitako vya kufungwa kwa skrubu juu ya risiva vikalegea. Ni nzito, ni kweli, lakini .404 inarusha kichwa cha grein 400 (kama gramu 26) kwa zaidi ya futi 2,100 kwa sekunde, uzito kidogo begani ni rafiki. Halafu .404 yenyewe presha yake ni ya chini, kipimo cha juu cha Ulaya ni baa 3,650 wakati .375 H&H ni 4,300, na hilo ni muhimu kwa joto la kwetu kwa sababu baruti ikiwa na joto presha inapanda, na ganda likinata chemba pale Selous mwezi wa kumi ukucha mzuri na presha ya chini ndio vitakutoa.

Nilipata moja ya .375, mtutu umeshachoka kwa kutu, muuzaji anaiuza kwa huzuni. Safari hii nilikwenda na venia, tochi na zile risasi tano za bandia mfukoni. Nilipima boksi, nikatazama sehemu za meno ya bolti kama zimezama, nikavuta bolti mara nyingi nikisikiliza. Ndipo nikalipa.

Fundi alifanya yake: mtutu mpya wa .404, uso wa bolti akaupanua kidogo tu, boksi akalitengeneza kwa kile kipimo changu cha 25.7, na zile kingo mbili za juu ya magazini zinazoachilia risasi akazichonga kwa mkono. Hiyo sehemu ya mwisho ilimchukua muda kuliko mtutu. Anakwangua kidogo, anaingiza risasi za bandia, anasukuma polepole, anatazama ya kushoto inavyoachiwa, anatazama ya kulia, anatoa, anakwangua tena kwa jiwe lenye mafuta. Nilikaa naye Jumamosi mbili nzima, na mara moja tu alinipa lile jiwe niguse mwenyewe, upande wa kushoto, mipigo mitatu, akanisimamisha. Ile triga ya kutegwa iliyokuja nayo, unayoitega kwanza ili ifyatuke kwa mguso mdogo, tuliitoa tukaweka ya kawaida, na sefti ya hatua tatu.

Siku ya kuichukua aliniambia niipitishe risasi za bandia kwa namna zote, polepole, haraka, bunduki imelala ubavu, bunduki juu chini. Juu chini ndio nilishikilia pumzi. Zote tano ziliingia na zote tano zikatoka, zikaruka zikagonga kabati la vyuma upande wa pili, tang, tang, tang.

Jioni nikampigia mzee video wasap, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikaiweka simu mezani nikavuta bolti mbele yake. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri kwenye kioo cha simu. Akasema, "Sogeza simu karibu, nataka kuisikia." Nikasogeza, nikavuta tena, mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbao yake nimeipaka mafuta gani.