Karafuu za mwaka huu

Alhamdulillah, leo nimeuza karafuu zetu hapa Wete, Pemba. Mikono bado inanukia.

Mwaka jana mikarafuu ya marehemu baba haikuzaa kitu. Mwaka huu matawi yaliinama. Usiku tulichambua na wanangu mpaka vidole vikawa vyeusi, makonyo, yaani vijiti vyake, upande huu, karafuu upande ule, asubuhi tunaanika majamvini. Kila wingu likipita, roho juu! Mvua ikizinyeshea tu, umeharibikiwa. Haikunyesha. Hilo sikulifanya mimi.

Nimewalipa wachumaji ujira wao na deni la dukani, kisha, kabla ya kununua hata kanga, nikatoa fungu la Mwenyezi Mungu: mabati ya chuo chetu cha Kurani, nilikosoma mimi, na sasa wanasoma wanangu chini ya paa linalovuja.

Tunapofungua sala tunasema sala zetu, uhai wetu na kufa kwetu ni vya Mola wa walimwengu. Nimeyasema tangu utotoni. Leo, nikihesabu noti, ndipo yaliponiingia.

Mama aliposikia alinyamaza, kisha akaniombea dua ndefu, machozi yakimtoka. Ya Rabbi, takabali, utupokelee.